Mahali Ambapo Muthama Hakupaka Rangi

Watu waliompachika Muthama jina la Fundi Rangi walidhani wanamcheka. Wacheke tu. Mimi Syombua, binti ya Kalunde, nikilisikia jina hilo natamani kusimama kwa heshima.

Muthama alikuwa fundi wa malori pale Kitui miaka ya thelathini, mtu mfupi mwenye maringo marefu. Mwaka mmoja aliipaka rangi nyeusi trela ya Gabow, mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka ngozi stesheni ya Kibwezi. Aliifungua hata taa nyekundu ya nyuma, akapaka chuma inapokaa, tabaka juu ya tabaka, kisha akaifunga tena. Alijisifu soko zima mpaka tukachoka.

"Hii rangi," alisema, "itazika wajukuu wangu."

Safari iliyofuata, ngozi zikiwa zimeshapakiwa, taa ya trela ilikataa kuwaka. Za lori ziliwaka zote. Nzuki, dereva, hakuangalia taa. Aliangalia mkono wa mamangu Kalunde, aliyekuwa akiwauzia wapakiaji uji uani mwa Gabow. Mama alivaa bangili mpya ya waya wa shaba, iliyosokotwa na kaka yake kule Zombe. Waya wa taa ulipita ndani ya bomba la chuma, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuona kama upo au haupo. Na nani asiyejua jinsi sisi Wakamba tunavyopenda waya mkononi?

"Waya ya taa ndiyo hii hapa," Nzuki akasema, ameishika bangili. "Huyu mama ameivuta."

Gabow hakupiga kelele. "Kama ni kweli, mama Syombua, usiingie tena kwangu."

Uji ule ndio uliotulisha. Mama akaiweka kata chini. Niliona aibu, halafu nikajikasirikia kwa kuona aibu.

Muthama akaitwa. Aliingia chini ya trela, akachomoa waya kwenye taa, akaigusisha ncha yake kwenye boliti lililochubuka rangi. Cheche ikaruka. Waya ulikuwa mzima. Akatazama chuma alichokipaka. Nilikuwa nimechuchumaa karibu, nikamwona usoni: ameshajua. Moto wa taa huenda kwa waya na kurudi kwa chuma cha trela yenyewe, na rangi yake nzuri ilikuwa imeziba njia ya kurudi. Angeweza kukwaruza kidogo kimyakimya, aseme ameunga waya uliokatwa. Nani angejua?

Akatoka, akajipangusa vumbi. "Mwaitu," akamwambia mama, kama mtu anavyomwita mama aliyemzaa, "niazime bangili."

Kisha akaiparua rangi yake kwa kisu, mbele ya watu wote, mpaka chuma kikaonekana. Akarudisha waya mahali pake. Akaikunjua bangili kidogo, ncha moja akaigandamiza kwenye chuma kitupu, nyingine kwenye mwili wa taa. Taa ikawaka. Akaiondoa, ikazima. Akairudisha, ikawaka.

"Waya iko. Hakuna mtu ameiba kitu," alisema. "Ni rangi yangu imefunga njia ya moto. Hii makosa ni ya Muthama."

Kicheko kilichozuka hapo! Kikulacho ki nguoni mwako, wakamwimbia, na jina la Fundi Rangi likazaliwa papo hapo. Yeye alisimama tu na kisu chake, masikio yamemwiva. Nilimpenda mtu yule siku ile kama ninavyompenda baba yangu. Nzuki akamwomba mama msamaha, macho chini. Gabow akaomba kikombe cha uji.

Tangu hapo, kila trela aliyoipaka Muthama ilibaki na kipande kitupu kando ya taa, upana wa kiganja, kimepakwa grisi tu kisishike kutu. Wenye trela walilalamika kwamba kinaharibu sura.

"Hapo hapapakwi," aliwajibu. "Hapo ni pa Kalunde."