Mzee wa Kanisa Aliyekemewa

Leo darasa langu la Jumapili limemkemea mzee wa kanisa, naye akatoka nje.

Wiki iliyopita niliwafundisha watoto kwamba Ibilisi haji na pembe. Huja akitabasamu, ana kitu kitamu, na husema, "Mama asijue."

Leo mzee akafika Njombe kwa lori la misheni kutoka Makambako, kuamua kama msichana asiye na mume kama mimi anafaa kufundisha.

Akatabasamu. Akatoa peremende.

"Kamwene, mwanangu," akamsalimu Upendo, mmoja wa wanafunzi wangu. "Chukua, gawia wenzako. Mama asijue."

Upendo akasimama. Wote wakasimama.

"Ondoka, kwa jina la Yesu!"

Mzee akaziacha peremende mezani, akarudi kinyumenyume hadi nje, kwenye mahindi.

Nilibaki na chaki mkononi. Ningewakataza, somo lote lingekufa. (Ninyi mngefanyaje?) Nikawaacha.

Baadaye akachungulia dirishani, kofia mkononi.

"Mwalimu, ni wewe uliyewafundisha hivi?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi endelea nao." Akaitazama meza. "Na peremende zangu?"

"Tuliziombea kwanza, babu," akajibu Upendo, shavu limevimba.