Pilipili Ubavuni mwa Mihayo

Mihayo alikuwa mponda kokoto katika vilima vya Ilemela, na kwa miaka miwili hakuweza kuvaa shati. Mkanda wa jeshi ulimshika ubavu wa kulia, malengelenge yakapasuka, yakakauka, ngozi ikarudi nzima. Maumivu ndiyo yaliyogoma kuondoka. Nguo ikimgusa tu, anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Majirani walinong'ona kwamba ana Ukimwi. Akapima damu, akakutwa salama, wakageuza maneno, eti karogwa. Tangu hapo hakumwamini mtu.

Mkewe, Rebeka, ndiye aliyemkokota hadi hospitali walikokuwa wakijaribu tiba mpya ya maumivu sugu. Mihayo alikaa karibu na mlango.

"Shikamoo, baba," alisema daktari, binti mdogo aitwaye Nusrat, akiwa na plasta pana mkononi.

"Marahaba. Hiyo plasta ina nini?"

"Dawa ya pilipili."

Mihayo alimgeukia mkewe. "Umesikia? Naungua, wao wananiongezea pilipili."

Nusrat hakucheka. Alimweleza kwamba ugonjwa uliharibu mishipa ya fahamu. Ncha za mishipa hiyo, pale kwenye ngozi, zina vipokezi vya kuhisi joto. Vyake sasa vinapiga kelele ya moto hata pasipo moto. Pilipili kali huvishika vipokezi hivyo hivyo na kuvichosha, mpaka zile ncha zinanywea kwa miezi kadhaa.

"Vidonge vilinipa usingizi tu."

"Vidonge vinazunguka mwili mzima. Hii inabaki panapouma."

"Na isiponisaidia?"

"Inawezekana, baba. Sikufichi. Ukikataa pia, utaendelea kutibiwa kama kawaida."

Jibu hilo lilimzidishia shaka. Waganga wote aliowaendea walimwahidi kupona. Huyu haahidi kitu. Anatafuta nini, basi? Alisoma fomu ya kuridhia majaribio mara tatu, akaikunja.

"Jibandike wewe kwanza."

Rebeka alifunika uso kwa aibu. Nusrat alivaa glavu, akakata kipande kidogo, akakibandika mkononi mwake. Wakakaa. Baada ya nusu saa jasho lilimtoka puani na meno ameyakaza. Mihayo alikuwa akimtazama uso, si mkono.

"Haya," alisema, akapanda kitandani.

Saa nzima plasta ikiwa ubavuni, aling'ang'ania ukingo wa kitanda, akiwa na hakika kwamba ameingizwa mjini.

Siku ya tisa, Rebeka alimkuta amelala fofofo, kaulalia ubavu wa kulia. Alipoamshwa, badala ya kufurahi alishtuka.

"Wameniua ngozi!"

Alinyakua kikombe cha chai, akakigusisha mbavuni. Joto lilikuwa joto la chai tu. Akachukua sindano, ikamchoma kama inavyomchoma mtu yeyote. Akaomba shati.

Maumivu hayakuisha yote. Siku za kazi nzito yalimrudia, na mwezi wa nne baada ya plasta yalianza kupanda tena. Safari hii hakungoja kukokotwa. Alikwenda peke yake, na karatasi yenye maswali matano mfukoni.

Nusrat alijibu manne. La tano, kama ngozi itaizoea dawa miaka ikipita, alitikisa kichwa.

"Hilo hatujalijua bado, baba."

Mihayo aliomba kalamu, akaandika "hawajui", akavua shati na kujilaza.