Risasi Ndani ya Sufuria ya Uji

Shule niliachia darasa la tatu, lakini moto niliujua. Miaka mingi hapa Siakago niliyeyusha alumini kuukuu, vichwa vya injini, vifuniko vya gia, ringi za magari, nikitengeneza sufuria. Fundi aliyenifunza huko Meru alikuwa na vidole saba, na vile vitatu vilikatika akiwa mlevi, lakini hayo tuyaache. Alinionya kwamba ringi huwa na vipande vya risasi, ile metali nzito, vya kusawazisha gurudumu, na lazima ving'olewe kwanza. Kung'oa kunachosha. Mimi nilitupa ringi nzima motoni.

Binti yangu alipojifungua, nilimtengenezea sufuria ya uji mchachu. Zamani uji ulichachukia kwenye kibuyu, siku mbili, tatu. Kibuyu chake kilikuwa kimepasuka, nikajisifu kwamba yangu haipasuki. Mtoto naye alipoanza kula, akanyweshwa uji huo huo.

Akafika miaka mitatu bila kusema neno. Tumbo likimuuma kila mara. Watu wa kanisa wakamwombea.

Basi siku ya soko akaja afisa wa afya na mashine yenye umbo la drili, anapima vyombo vya kupikia. Nikaenda kuichukua sufuria kwa binti yangu, nataka tu sifa.

"Mpime na huyo mzee, tuone kama kuna akili ndani!" mama muuza nyanya akapiga kelele, watu wakacheka. Nami nilicheka.

Afisa akaibana mashine kwenye sufuria. Alisema inapiga miale isiyoonekana, na kila madini hurudisha miale yake, hata yakiwa kidogo namna gani. Akapima chini, ubavuni, kwenye mdomo.

"Mzee, humu mna risasi."

"Nyingi?"

"Kama chumvi ya kubana kwa vidole ndani ya gunia la unga. Lakini uji mchachu huitoa, na ni sumu ya ubongo. Nani anaitumia sufuria hii?"

Nikamwambia. Akasema mtoto apelekwe Embu apimwe damu. Nikauliza kama nikiiyeyusha tena itatoka. Akasema haitatoka.

Nilimkuta binti yangu akichambua pojo. Yeye namwita mama, maana jina ni la mama yangu. Nikamweleza yote, hata ya fundi wa Meru. Ningeweza kuyaruka hayo.

"Kwa hivyo uliambiwa, baba."

"Niliambiwa, mama. Nilidhani ni ya kuharibu sufuria, si mtu."

Alimfunga mtoto mgongoni akaenda Embu peke yake. Damu ilikuwa na risasi. Daktari alimwambia inaweza kupungua, lakini kilichoharibika kichwani huenda kisirudi.

Mtoto sasa ni mkubwa, ananifikia begani. Akitaka maji hunivuta shati. Mama yake hunisalimia vizuri mbele za watu, na chakula ananiletea, lakini mtoto haruhusiwi kula kwangu.