Salamu za Mwisho wa Barua

Kaka mtu alikuwa mwandishi wa riwaya, mwaka wa kumi na moja ughaibuni, ulimi wembe. Kila mjadala wa katiba ulipopamba moto huku nyumbani, aliandika barua gazetini kuwasema wakubwa. Jamani, kuwatukana wakubwa ukiwa ng'ambo ni raha, makofi hayafiki huko. Yalimfika dada yake, muuguzi wa wodi ya wazazi, aliyekaa nyumba ya serikali na mama yao kipofu.

Mama alizipenda barua zile kufa. Kila Ijumaa binti alimsomea, sare bado mwilini, na mwishoni akaongeza ya kwake: "Nisalimieni mama yangu." Gazetini maneno hayo hayakuwamo hata siku moja. Mama wa watu akatabasamu, akalaza gazeti chini ya mto.

Mwezi huo mganga mkuu akamwita muuguzi ofisini. Hakumung'unya maneno: ama amkane kaka yake gazetini, ama atoe vyombo nje kabla ya mwisho wa mwezi. Angempeleka wapi kipofu wa miaka themanini? Akaandika mistari miwili, kwamba maneno ya kaka si yake wala ya mama yake, akatia sahihi. Nyumba ikapona.

Ijumaa iliyofuata kaka akajibu. Wodi nzima ilikuwa imeshasoma muuguzi alipoingia zamu, na mfagizi akacheka mpaka akaegemea fagio. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Jioni akamsomea mama, neno kwa neno, hakuficha kitu: "Huyo anayejiita dada yangu ni kijakazi anayelamba sahani za mabwana zake. Mimi sina dada." Akakunja gazeti, akaliweka kitandani. Safari hii hakuongeza kitu.

Mama akangoja. Kisha akauliza, mbona mwanawe hakumsalimia?

"Hajawahi kukusalimia, mama," muuguzi akasema. Alikuwa amechoka. "Zile salamu nilikuwa nazitunga mimi."

Mama akanyoosha mkono. Akapapasa shuka mpaka akalipata gazeti, akalikumbatia kifuani.

"Mwongo mkubwa wewe," akasema. "Ndiyo maana amekukana."

Akageukia ukutani. Muuguzi akaenda jikoni kumpashia uji.