Mtakatifu Lusia na Macho ya Ngege

Uvumilivu wangu uliisha pale Mzee Odera, mwenyekiti wa jumuiya yetu, aliposimama wakati wa matangazo akasema mbele ya kanisa zima, "Hili bango la Mama Atieno lipelekwe hotelini, tutengenezewe lingine mjini." Nikasimama kumfokea, na kumbe nilikuwa nanyonyesha, basi watu wote wakaona nilichosahau kufunika. Aibu, jamani! Lakini ngojeni niwaeleze.

Jumuiya yetu ni ya Mtakatifu Lusia, yule msichana wa zamani aliyeuawa kwa imani yake. Husemwa aling'olewa macho, ndiyo maana huchorwa ameshika sahani yenye macho mawili, na mkono wa pili tawi la mtende, alama ya ushindi. Wakanipa mimi kazi ya kumchora kwenye bango la sikukuu yake kwa sababu shuleni nilipata A ya sanaa (nyingine msiulize). Wiki tatu nilichora, mtoto mgongoni. Uso ulikubali, nguo ikakubali, macho yakakataa, kila nikiyachora yanatoka mayai ya kuchemsha. Basi nikaenda soko la Otonglo nikanunua samaki, ngege mkubwa, nikamlaza mezani, nikayachora macho yake, meusi na duara la dhahabu, yakang'aa mpaka nikajipongeza. Halafu tukamla.

Siku ya sikukuu Mzee akalitundika bango langoni, kando ya barabara, bila kuniuliza, tena akakunja sehemu ya juu yenye jina la Lusia ili waya upite. Kikabaki nini? Mwanamke mwenye kitambaa kichwani, sahani, macho ya samaki, tawi linalofanana na sukuma wiki (hiyo nakubali), na chini neno KARIBUNI. Padri akiwa katikati ya mahubiri, wanaume wawili wenye vumbi la safari wakaingia, wakakaa benchi langu la nyuma.

"Mama, tunanawa wapi?" mmoja akaniuliza.

"Kunawa nini?"

"Mikono! Tuletee ngege mzima, kichwa usitoe. Macho ni yangu."

Sauti ya mtu mwenye njaa haijui kunong'ona. Kanisa likaangua kicheko, padri mwenyewe akashika mimbari asianguke. Ndiyo maana Mzee alipoleta maneno yake ya hoteli nikalipuka: "Ni wewe umekunja jina lake! Msichana amekufa kwa ajili ya Mungu, wewe unamkunja kama gunia!"

Wale wageni walikaa mpaka baraka ya mwisho, tukawapa chakula cha sikukuu, wakashiba, hata mimi nikacheka. Ila nimeapa sitachora mtakatifu tena nikiwa natazama mboga yangu. Jumatatu nikapeleka barua:

"Kwa Baraza la Parokia. KUH: BANGO LA MTAKATIFU LUSIA. Nalalamika kwamba mwenyekiti wa jumuiya alikunja jina la mtakatifu, kisha akailaumu kazi yangu hadharani. Naomba bango litundikwe ndani ya kanisa, likiwa limekunjuliwa lote. Macho sitabadilisha. Kuhusu kusimama bila kujifunika, naomba msamaha kwa padri na waumini. Kwa Mzee Odera siombi."