Madungusi ya Nyanya, Shella

Mwaka jana nilipita Shella, ule upande wa bustani ya marehemu nyanya yetu, nikaona lango li wazi na vijana wawili wakichomeka vigingi vya kupimia katikati ya madungusi, mimea ile ya miiba. Nikaingia, ndugu yangu. Nikauliza, nikaambiwa mwenyewe anauza. Mwenyewe ni binamu yangu, mjukuu aliyelelewa na nyanya pale pale.

Wewe hukuiona bustani ile ilipokuwa bustani. Nyanya aliirithi kwa baba yake: madungusi marefu kama nguzo, mengine ya mviringo kama matikiti yaliyoota ndevu, na mipungate, dungusi lile lizaalo matunda, iliyofunga ua mzima. Miche ilikaa kwenye makopo ya samli, safu kwa safu. Wageni wa mahoteli ya Watamu walinunua, lakini mtaa haukutoa pesa. Bi harusi akienda kwa mumewe alipewa kipande apande mlangoni kuzuia kijicho, na badala ya pesa kwao wakaleta kikapu cha kokoto za matumbawe za kupandia. Nyanya alikuwa akisema, "Dungusi halitaki maji, lataka pa kusimama." Na kipande hakipandwi siku kinapokatwa, chaanikwa kivulini mpaka kidonda kikauke. Jirani mmoja aliona huruma wakati wa kiangazi, akalimwagia maji lake kila asubuhi. Likaoza. Alilia kama aliyefiwa! Lakini huyo mama nikianza kumsimulia hatutamaliza.

Mimi nilikuwa nikiletwa likizo kutoka kwetu Kilifi. Asubuhi mahamri na mbaazi. Mchana nyanya aliyaviringisha matunda ya mpungate mchangani kwa ufagio mpaka vimiiba vitoke, akayamenya tukala, mengine akayakamua kwa ndimu na sukari tukanywa. Midomo yetu ikawa myekundu kama ya watafuna tambuu.

Basi nikaenda kwa binamu, maneno yangu nimeyapanga. Nilimkuta barazani.

"Waja kunigombeza, dada," alisema hata sijaketi.

"Ndiyo. Hata kaburi la nyanya utaliuza?"

"Nyanya kazikwa makaburini. Usimhamishe."

Nikamwambia watu wa chuo kikuu walikuja wakapiga picha, wakasema ile ni turathi ya pwani nzima.

Akacheka. "Turathi! Walipalilia? Na wewe ulikuwa ukiyala matunda. Nani aliyekuwa akiyachuma?"

Kweli, sikuwahi kuchuma hata moja. Miaka yote ile niliyakuta kwenye sinia.

Akanyoosha viganja vyake, vigumu kama ngozi ya ngoma. "Miiba ya mpungate ni kama unywele, huioni. Nilikuwa nikiamshwa alfajiri kupalilia. Nikifika madrasa siwezi kukunja kidole nikashika kalamu. Sasa mgongo hauinami, na wanangu hawataki hata kupita pale. Nimwachie nani? Wewe?"

Mimi nakaa chumba kimoja kwa mwanangu, jembe siliwezi. Akamwita mkewe alete chai, tukanywa. Nilipoinuka akanishika mkono.

"Siku ya trekta kuja kung'oa, usimame pale wewe, dada. Awepo mtu wa nyumbani. Mimi sitaweza kuangalia."

Nikasimama. Dungusi halivunjiki kama mti. Lapasuka kama tango, na maji yakatoka mengi hata magurudumu yakateleza. Kufika adhuhuri pale mahali pakawa peupe, nikaiona barabara ya upande wa pili ambayo maishani sikuwahi kuiona nikiwa mle ndani.

Leo pana ukuta wa matofali. Watu wakinikuta hunipa pole mimi, kwa kuwa ndimi ninayeisema sana bustani. Nawaambia pole mpelekeeni binamu. Mkewe ameniambia bado huamka alfajiri, huvaa viatu, kisha hukaa ukingoni mwa kitanda mpaka kupambazuke.