Kwato Ndefu Katika Viazi vya Nyanya

Juzi mvua ilinyesha hapa Kondele, na asubuhi binti yangu akaniita nione alama za kwato kwenye tope mlangoni. Nikamwambia ni mbuzi wa jirani, tena bila kuinama. Akanitazama kama mpiga ramli. Ndipo nyanya yangu aliponijia akilini, nikakaa pale mlangoni mpaka chai ikapoa.

Kama ulikulia upande wa Asembo, unajua ufuo wa ziwa ulivyokuwa miaka ya themanini. Mafunjo yalikuwa marefu kuliko nyumba, vyura hawakunyamaza hadi alfajiri, na harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa ilikufuata mpaka darasani. Shamba la nyanya la viazi vitamu liliishia pale pale mafunjo yalipoanzia. Likizoni nikiwa kwake kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kufagia boma na kula. Hiyo ya mwisho niliiweza kuliko zote.

Asubuhi moja tulikuta majani ya viazi yameliwa safu nzima. Nikaanza kuwatukana mbuzi. Nyanya akanishika bega, tukachuchumaa penye alama za kwato topeni. Ukwato wa mbuzi, akaniambia, ni mfupi, ncha zake butu, na vidole viwili vimekaribiana. Wa ndama ni mpana na wa mviringo. Lakini hizi zilikuwa ndefu na nyembamba, vidole vimeachana sana ili mnyama asizame topeni. Ni nzohe, akanong'ona, yule swala anayeishi ndani ya mafunjo. Kando yake kulikuwa na alama nyingine ndogo, urefu wa kidole changu. Alikuwa amekuja na mtoto wake.

Nilitaka kukimbia nikawaambie watu. Nyanya akanivuta sketi. Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa, watu wana njaa, na jirani yetu alikuwa na mbwa wakali na mkuki. Angeziona alama hizi, mama na mtoto wangeishia kwenye sufuria. Basi nyanya akawafungua mbuzi wake mwenyewe, tukawapitisha shambani huku na huku mpaka zikabaki kwato zao tu. Tulifanya hivyo kila nzohe walipokuja kula. Kule tulikoteka maji wanawake walimcheka: mtu mzima gani anashindwa kufunga mbuzi? Naye alicheka nao. Mimi niliumia, kwa sababu viazi vile ndivyo vilikuwa chakula chetu, na jioni nyingine tulilala na uji mwepesi tu.

Halafu siku moja jirani akatokea mapema, kabla hatujawafungua mbuzi. Mbwa wake wakaanza kunusanusa. Yeye akainama penye alama moja, ile ndogo, akaitazama kwa muda. 

"Mama," akasema, "hii mbuzi yako iko na kwato refu."

"Ndivyo ziko, baba," nyanya akajibu. "Mbuzi zangu ziko hivyo tu. Kuja unywe uji."

Jirani aliinuka. Kisha akaweka kisigino juu ya ile alama, akaisugua taratibu mpaka ikapotea, akawafukuza mbwa warudi nyumbani. Aliketi akanywa uji wetu ule mwepesi, na hakulitaja jambo lile tena. Nampenda mtu yule mpaka leo.

Nyanya alifariki, jirani naye akafuata. Mafunjo yalikatwa, mengine yakachomwa, na pale yalipokuwa sasa ni mashamba mpaka majini. Kile kipande cha viazi nilikirithi mimi. Nikienda nakikuta kimestawi, kijani kitupu, hakuna jani hata moja lililoguswa, na wapita njia hunisifu. Nawashukuru, nazunguka nikitazama chini, na roho inaniuma. Ningefurahi sana, rafiki yangu, nikiamka asubuhi moja nikute safu nzima imeliwa.